Jiko Lililomkataa Mkaza Mwana

Moto ulipozimika jikoni kwa Ponirah mara ya kwanza, alidhani ni koki. Akaifunga, akaifungua, akawasha kiberiti, akainamisha sikio juu ya jiko kama mtu anayedukua ya jirani. Kimya. Birika la chai lilikuwa bado halijaanza hata kuvuma.

"Gunardi!" alimwita mwanawe. "Umelifanya nini jiko?"

"Mimi? Mimi nimelala, Mama."

"Aliyelala hajibu. Inuka!"

Gunardi akainuka, akafungua koki, akaifunga, akainamisha sikio. Kisha wote wawili wakatoka nje, na ng'ambo ya kichochoro wakamwona dada Tarmi kasimama mlangoni na kikaango mkononi, ndani yake yai bichi.

"Na kwako?" Ponirah akauliza.

"Kwangu pia. Yai linanitazama, nami nalitazama."

Hapo Ponirah akageuka kutazama nyuma ya nyumba yake. Jiko likizimika nyumba moja, ni koki. Likizimika kichochoro kizima, ni tangi. Na tangi lilikuwa lake.

Si lake kwa kumiliki. Ni letu sote wa kichochoro hiki cha watengeneza tofu, ile jibini ya maharagwe ya soya, katika mji wetu mdogo chini ya mlima Sumbing. Lakini limechimbwa nyuma ya nyumba yake, na marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akilitunza, basi alipofariki kazi ikabaki kwa mjane, na hakuna aliyemnyang'anya. Ukikamua tofu hubaki maji machachu, mengi kuliko tofu yenyewe. Zamani tuliyamwaga kijitoni. Kijito kikawa na rangi ya maziwa yaliyokatika, na wakulima wa mpunga wa kule chini wakikutana nasi sokoni walikuwa wanatema mate kwanza ndipo wanasalimia. Siku hizi maji hayo, pamoja na ya kuoshea sakafu na vyombo, huingia tangini. Mle ndani wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinakula uchafu. Upande wa pili hutoka maji yanayofaa kumwagilia shamba, na pumzi ya vijidudu hivyo hupanda kwa bomba mpaka majikoni kwetu, ikawaka buluu. Ndivyo tulivyoelezwa siku ya uzinduzi, na ndivyo ilivyokuwa. Ponirah alilijali tangi lile kama mtu anavyojali ng'ombe wa maziwa. Alijua likishiba na likiwa na njaa.

Asubuhi ile alifunua mfuniko, akachungulia. Ukoko wa juu, ambao kwa kawaida hutoa mapovu kama uji, ulikuwa umetulia tuli. Akachukua mti, akakoroga. Hakuna.

"Umekula nini wewe?" akaliuliza.

Moto ulirudi jioni, mdogo, wa manjano, ukazimika tena. Wiki ile yote ukawa hivyo: leo upo wa kuchemshia maji ya mtoto, kesho haupo. Tukarudia kuni. Macho yakawa mekundu, na midomo nayo ikaanza.

Wa kwanza kuja alikuwa Jumeno, mkulima wa chini, na ndoo ya maji aliyoyachota pale yanapotokea kwenye bomba letu. Akaitua mbele ya Ponirah bila hodi.

"Mama Gunardi, nusa."

"Nimekwisha nusa, Jumeno. Nakaa nayo."

"Sasa? Tunarudi kule kule? Mpunga wangu bado mchanga."

"Sijui. Wallahi sijui. Kama ningejua ungenikuta nimeketi hapa?"

Jumeno alimtazama, akaona kweli hajui, akabeba ndoo yake akaondoka. Ponirah alisema baadaye kwamba heri angetukanwa.

Kisha akaja kijana wa ofisi ya mazingira, na viatu vya mpira virefu na kikaratasi cha kutumbukiza majini. Kikaratasi kikabadilika rangi. "Mambo yamekwenda mrama humu," akasema. "Vijidudu vinakufa. Kuna mtu anamwaga kitu. Mafuta ya mashine? Rangi? Dawa ya panya? Sumu yoyote?"

Tukatazamana. Tukaapa mmoja mmoja. Dada Tarmi akaapa mara mbili, kwa sababu binamu yake hupaka rangi pikipiki, na alijua tunamfikiria. Kijana akakuna kichwa, akasema tuongeze samadi ya ng'ombe kidogo kidogo ili kuzalisha vijidudu vipya, na tusubiri. Tukaongeza. Vikafa navyo.

Sasa nikueleze habari ya Windarti.

Windarti alikuwa mkaza mwana wa Ponirah, mkewe Gunardi, binti wa Pekalongan kule pwani. Gunardi alikutana naye huko akipeleka tofu kwenye harusi, akarudi na pikipiki tupu na moyo uliojaa. Mama yake Windarti alikuwa msafishaji hospitalini miaka mingi, na alimlea bintiye kwa kanuni moja: pahali penye uchafu pana ugonjwa. Basi msichana alipoingia katika nyumba ya tofu, akakuta sakafu inateleza na harufu ya uchachu imejenga ukutani, alikunja sarongi, akaomba brashi.

Tulimsifu! Sakafu ya Ponirah, iliyokuwa kijani tangu marehemu akiwa hai, ikawa nyeupe. Fremu za kukamulia tofu zikang'aa, vitambaa vya kuchujia vikawa kama vya kushonea kanzu. Ponirah alikuwa akituita tukaone mfereji wake. "Njooni, ingieni, msivue viatu," anasema, "mtazame mfereji. Mtu anaweza kulia wali humu." Dada Tarmi akasema kwa kijicho, "Mkeo huyo, Gunardi, ana mkono wa malaika." Windarti akainamisha kichwa, mashavu mekundu, akaenda kumwaga jagi lingine la dawa ya madoa na kusugua upya.

Alikuwa ameolewa miezi michache tu, na tayari ni mjamzito, moto ulipoanza kuzimika.

Aliyeyaunganisha mambo hayo mawili alikuwa Mbah Karso. Mbah kwetu ni babu, na huyu ni mzee wetu anayepiga hesabu za siku za kuzaliwa: siku ya bwana harusi ukijumlisha na ya bibi harusi, inatoka baraka au inatoka balaa. Kabla ya ndoa aliwahi kusema siku zao hazipatani. Ponirah akampa kahawa na keki ya mchele, naye mzee akazipatanisha kidogo. Sasa akawa amekaa kwenye benchi la dada Tarmi, anavuta sigara ya karafuu, anasema kwa upole:

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Moto uliwaka miaka mingapi? Na mgeni kaja lini?"

"Mbah, wanasema mgeni njoo mwenyeji apone," dada Tarmi akamtania.

"Wanasema. Na mwenyeji amepona?"

Neno likatambaa. Halikusemwa mbele ya Ponirah. Kwetu mambo kama hayo husemwa pembeni, kwa tabasamu, mpaka mwenyewe ayaokote. Na Ponirah aliyaokota. Usiku halali, mchana anakoroga tangi. Akawa anamtazama Windarti anavyopita jikoni. Akajaribu hata kumtuma sokoni ili aone kama jiko litawaka. Siku moja likawaka, siku nyingine halikuwaka. Hakuelewa. Alimpenda yule msichana. Alipenda anavyokunywa chai akishika gilasi kwa mikono miwili, na anavyomwita "Mama" kabla ya kila sentensi. Lakini moto nao aliufahamu, na moto ulikuwa unakataa kitu ndani ya nyumba yake, na kipya ndani ya nyumba kilikuwa kimoja tu.

Jioni moja akamwambia, "Win, mwanangu, mimba ya kwanza ni nzito. Moshi wa kuni si mzuri kwako. Ungekwenda kwa mama yako ukapumzike kidogo."

Windarti akaacha kumenya vitunguu. "Mama, mimi sijachoka."

"Kidogo tu."

"Mama, kuna kosa nimefanya?"

"Kosa gani! Aa! Ni moshi tu."

Msichana akamtazama Gunardi. Gunardi akatazama pikipiki yake. Asubuhi akampakia mkewe na begi moja, wakashuka mlima.

Na moto ukarudi.

Haukurudi siku ile ile, la. Ponirah alitia samadi kama alivyoagizwa, na baada ya muda mapovu yakaonekana, moja huku, moja kule. Kisha asubuhi moja jiko likakohoa likashika, buluu, imara. Kichochoro kizima kilisikika kikipiga kelele. Dada Tarmi alikaanga mayai akagawia watoto. Jumeno naye akapita, akanusa bomba, akatoa salamu bila kutema mate.

Mbah Karso hakusema kitu. Aliuliza tu, "Sasa?"

Ungedhani Ponirah angefurahi. Alipika wali kwenye moto wake mzuri, akaketi kuula, akausukuma kando. Gunardi alikuwa kila Ijumaa anashuka Pekalongan na kurudi kesho yake. Akiulizwa, "Win hajambo?" anajibu, "Hajambo." Akiulizwa, "Amesema nini?" anajibu, "Ameuliza kama amepumzika vya kutosha." Kisha anakwenda kulala na njaa.

"Nifanye nini, Gunardi?" mama yake akamlilia siku moja. "Moto umewaka! Nimeuona kwa macho yangu. Akiwapo unazimika, akiondoka unawaka. Nifanye nini mimi?"

"Sijui, Mama. Mimi nilioa mke, sikuoa jiko."

Ramadhani ikaingia. Ponirah akafunga, akaswali, akafikiri, na fikra zake zikagongana kama fremu zikibebwa na mlevi. Hatimaye akaamua jambo moja ambalo halikuhitaji kuelewa kitu. Akamwambia mwanawe, "Idi ni Idi. Kabla ya Idi nenda ukamlete mkeo. Moto ukizimika, uzimike. Mama zetu walipika kwa kuni na wakazaa."

Gunardi akamkumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa na meno ya utoto.

Basi Ponirah akaanza kuiandaa nyumba. Tangu Windarti aondoke, sakafu ilikuwa imeanza tena kuwa kijani, na aliona haya msichana aikute hivyo. Nyuma ya mlango zilibaki chupa za dawa ya madoa alizoziacha, zimepangwa kwa urefu. Ponirah akakunja sarongi, akachukua brashi, akafanya kama alivyomwona akifanya: jagi sakafuni, subiri, sugua, mwaga, jagi jingine. Akaosha mfereji. Akaloweka vitambaa vyote. Akasugua ukuta mpaka alipofika mkono. Siku iliyofuata akarudia, maana lile doa la mlangoni lilimkera. Na iliyofuata. Harufu ilimpanda puani, machozi yakamtoka, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Alihisi kama wako wawili pale sakafuni.

Akaingia jikoni kupika futari. Moto ulikuwa wa manjano.

Alisimama akiutazama. Ukatetemeka, ukapungua, ukafa.

"Lakini hajaja," akasema kwa sauti, peke yake. "Bado hajaja!"

Akatoka mbio mpaka kwa dada Tarmi. Na kwake umekufa. Mbah Karso alikuwa pale akisubiri adhana na tende mkononi, na alikuwa na jibu. "Umemtaja tu. Kivuli cha mtu hutangulia."

"Mbah," Ponirah akasema, na hapo ndipo tulipomsikia kwa mara ya kwanza akimpandishia sauti mzee, "kivuli gani cha kutoka Pekalongan? Kimepanda basi?"

Dada Tarmi akacheka mpaka akajishika ukuta. Ponirah hakucheka. Alirudi kwake, akaenda nyuma, akafunua tangi. Akainama. Alikuwa anaijua harufu ya tangi lake likiwa zima na likiwa gonjwa, na hii haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa ile ile aliyokuwa nayo mikononi. Akanusa viganja vyake. Akanusa tangi. Akanusa viganja tena. Adhana ikasomwa, watu wakafuturu, yeye bado kachuchumaa pale akinusa huku na huku, na Gunardi aliyemkuta alidhani mama yake amepatwa na wazimu.

"Nipigie simu kwa yule kijana wa viatu vya mpira," akamwambia.

Gunardi akapiga, akampa simu.

"Mwanangu, samahani, najua unafuturu. Nina swali la kijinga. Hii dawa ya madoa ya kuoshea sakafu, inaweza kuviua vijidudu vya tangi?"

Kijana akaacha kutafuna. "Mama, hiyo inaua vijidudu vyote. Ndiyo kazi yake. Mmekuwa mkimwaga?"

"Kwa majagi."

"Sasa mbona siku ile hamkusema?"

"Uliuliza sumu," Ponirah akajibu. "Hukuuliza usafi."

Alikata simu, akakaa chini. Furaha hakuiona, maana sasa alielewa moto lakini hakujielewa yeye mwenyewe. Alikuwa amewaita watu waje watazame mfereji. Alikuwa amesimama juu ya jibu, bila viatu, akilisifia.

Hakumtuma Gunardi. Kesho yake alipanda naye pikipiki, mwanamke wa umri ule, akashuka mlima amefumba macho mpaka Pekalongan. Windarti alikuwa barazani, tumbo limechomoza, anakunja nguo. Alimbusu mkono mama mkwe, akaleta mkeka, akakaa. Hakutabasamu.

Ponirah akaeleza. Alianzia kwenye samadi, akarudi kwenye mapovu, akaruka kwenye Idi, akaingiza simu. Windarti alisikiliza, nguo ya mtoto mkononi.

"Mama, subiri," akasema. "Kwa hiyo sikutumwa kupumzika. Nilifukuzwa."

"Hukufukuzwa, mwanangu. Tuli…"

"Kwa sababu ya jiko."

"Tuliona ukiwapo linazimika."

"Na kweli nikiwapo lilizimika."

"Kweli."

"Basi aliyelizima ni mimi, au si mimi?"

"Ni wewe," Ponirah akasema. "Lakini si wewe. Ni mkono wako, ila… na mimi pia nimelizima, kwa mkono wangu, tena nikiwa mwenyewe, nikikuandalia. Sasa sijui niseme nini, Win. Unajua wewe?"

"Mimi nilisafisha ili mnipende," Windarti akasema, na ndipo alipoanza kulia. "Kila mliponisifu niliongeza."

Mama yake, yule wa hospitalini, alikuwa mlangoni amesikia yote. Akamwambia Ponirah taratibu, "Mgonjwa unamwoshea sakafu kwa dawa, ndiyo. Lakini dawa humnyweshi. Mwanangu hakujua kwamba mfereji wenu una tumbo."

Windarti alikubali kurudi, kwa sharti moja. Waliomsema pembeni, waambiwe mbele ya watu. Na atakayewaambia awe Mama, si yeye wala Gunardi.

Siku chache baada ya Idi huwa tunakusanyika kichochoro kizima kuombana radhi, kila mtu anapita akishika mikono ya wenzake. Safari hii, kabla ya kushikana mikono, Ponirah akasimama. Alikuwa amevaa kebaya, ile blauzi yake ya harusi za watu. Akaeleza kama alivyoeleza Pekalongan, yaani vibaya, mwisho mbele na mwanzo nyuma. Mtoto mmoja akauliza, "Bibi, nani kafa?" Watu wakacheka. Ponirah akasema:

"Vilikufa vijidudu. Nimeviua mimi na nimemsingizia mkaza mwana wangu. Nisameheni. Na nyinyi mliosema kuwa ni mkosi, nanyi muombeni msamaha yeye, maana mimi nimekwisha muomba na bado sijui kama nimesamehewa."

Dada Tarmi akainuka kwanza, akaenda akamshika Windarti mikono yote miwili. "Nisamehe, mdogo wangu. Mdomo wangu huu hauna koki." Wengine wakafuata. Jumeno, aliyealikwa kutoka chini, akasema yeye hakuwahi kumsema mtu, alinusa tu.

Mbah Karso alikuja wa mwisho. Akamshika mikono msichana, akaomba radhi kwa maneno mazuri ya kizamani. Kisha akiondoka akamnong'oneza Ponirah, "Lakini hata hivyo, siku zao hazipatani."

"Kunywa kahawa yako, Mbah," Ponirah akajibu.

Moto umerejea, na haujazimika tena. Sakafu tunaoshea maji ya moto na ndimu na nguvu za mkono, na ni kijani kidogo, sitakudanganya. Mtoto amezaliwa, wa kike, ana sauti ya kuuza samaki. Windarti na mama mkwe wake hukaa pamoja wakichuja soya, na ukiwaona utasema mtu na bintiye.

Isipokuwa kitu kimoja. Mara nyingine Windarti akiwa na ndoo ya maji matupu ya kisima, akitaka kuyamwaga mferejini, husimama. Anashikilia ndoo hewani, anageuka, anauliza kwa adabu kabisa, "Mama, haya yanaruhusiwa?"

Ponirah ananiambia kwamba kila mara humwangalia usoni ajue kama ni utani au ni lile donda. Hajawahi kujua. Humjibu, "Mwaga, mwanangu, mwaga," na msichana humwaga, polepole, mpaka tone la mwisho.